Moto Usiotaka Maji

9 Machi

Mdogo wangu,

Natumai karatasi hii inakukuta mzima, umekula na umelala. Huku tunasukuma siku. Mama anakusalimu, yupo yupo tu, magoti yake unayajua. Pacha wameanza kung'oka meno, wote wawili kwa pamoja kama waliopanga. Mmoja analificha pengo kwa kiganja, mwenzake analionyesha hata kwa wasioomba. Kazini wametufungia tanuri jipya. Mikate inaiva upande mmoja na kuungua upande wa pili, na mwenye bekari anasema kosa ni la mikono yetu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Baba Pacha ana muda hajaandika. Barua yake ya mwisho ilikuja kabla shule hazijafunguliwa, imejaa maneno yake yale. Kwamba huko kwenu kuna madini mepesi ajabu, kwamba ameinua machela nzima kwa vidole viwili na angetaka mama mkwe wake awepo amwone, maana siku zote humsema hana nguvu. Nilicheka peke yangu jikoni. Tangu hapo kimya. Na yeye si mtu wa kukaa kimya. Hata akiwa na homa huongea na dari.

Wewe umeandika juzijuzi, nami barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Umemsalimu Mama, umewasalimu pacha, umeulizia paa, umeulizia hata jirani mwenye bata. Mume wangu hukumtaja. Mnalala chumba kimoja, mnafanya kazi chini ya paa moja. Mmegombana? Ni wewe uliyemwita huko useremala ulipomkatalia. Kama sasa unamwona mzigo, niambie tu, sitakasirika sana.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia nyote wazima. Wabusu pacha kwenye mapengo yao. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Tumepata oda kubwa ya machela za hospitali na fremu za viti vya magurudumu, zote za aloi ya magnesiamu, basi hata muda wa kukuna kichwa hakuna.

Watu wanadhani kitu kikiwa chepesi ni rahisi. Bamba la magnesiamu ukilikunja likiwa baridi linakatika kama biskuti. Lazima liingie tanurini kwanza lipate moto wa kutosha, kisha ulikandamize kwenye kalibu ya kulipa umbo, na kalibu yenyewe iwe ya moto, tena taratibu. Ukiwa na haraka linapasuka kwenye kona, ufa mwembamba kama unywele. Kuchomelea nako kuna adabu yake. Unasugua kiungo kwa brashi ya waya mpaka king'ae, unakichomelea hapo hapo kabla hakijafanya utando, huku gesi ikikifunika kisiguswe na hewa. Chuma cha kawaida kikikaribia kuyeyuka kinakuwa chekundu, kinakuonya. Hiki hakionyi. Unakitazama ni kijivu, mara unaona tundu.

Mvua huku hazikatiki. Shemeji yupo, anakusalimu. Ana jeraha kiganjani, kalamu inamsumbua, ndiyo maana haandiki. Hatujagombana hata kidogo. Nimenunua viatu vya mpira, maana barabara ya kwenda kiwandani imekuwa tope tupu.

Mwambie Mama asikae kwenye upepo.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezifikisha. Mama amefurahi, pacha wamebusiwa wakajifuta.

Umenifundisha kukunja bamba, ahsante. Bamba umelipa nusu ya barua. Mume wangu umempa mistari miwili, katikati ya mvua na viatu.

Jeraha kiganjani. Kiganja kipi? Na mdomo wake nao una jeraha? Maana angeweza kukaa kitandani kwake akakutajia maneno nawe ukaandika. Mnafanya hivyo tangu uchumba wetu, nusu ya barua alizoniandikia zamani zilikuwa na mwandiko wako. Usinifanye mtoto. Mimi ni mtu wa tanuri, mikono yangu ina alama mpaka kwenye kiwiko, na hakuna hata siku moja kuungua kiganja kulinizuia kuzungumza.

Kuna lingine. Dereva anayetuletea unga alipita mji wenu. Alisimama kunywa chai akasikia watu wakisimulia kiwanda kilichowaka moto mweupe, mweupe mpaka wapita njia waliziba macho mchana wa jua kali. Alitusimulia kama kioja, hakujua anaongea na nani. Nilikuwa nimebeba trei. Mikate yote ilikwenda chini, mwenye bekari akaniita majina ambayo sitayaandika.

Mama anasema nisikubane, utasema ukiwa tayari. Mimi siwezi kungoja hivyo. Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa mabamba.

Yuko hai?

Dada yako

1 Mei

Dada,

Yuko hai. Nimeliandika hilo mbele ya shikamoo, unisamehe.

Yuko hospitali tangu mwezi wa pili. Kiwandani alikuwa kwenye grinda, analainisha viungo tukishamaliza kuchomelea. Kusaga huko kunatoa vumbi, na vumbi la magnesiamu si la kufagia ukalisahau pembeni. Linatakiwa lizolewe kila mara, litiwe kwenye pipa lenye mfuniko, mbali na cheche. Siku hiyo tulikuwa tunakimbizana na oda, limelundikana chini ya meza yake. Meza ya jirani mtu akasaga kipande cha chuma cha kawaida. Cheche zikaruka, lundo likashika. Mwanzo kilikuwa kitu kidogo tu, kama tochi iliyodondoka sakafuni.

Moto wa namna hiyo unaufunika kwa mchanga mkavu, basi. Hautaki maji. Ukiumwagia maji unalipuka. Mchanga ulikuwepo, lakini upande wa pili wa karakana, nyuma ya marundo ya fremu. Nikaukimbilia. Shemeji alifanya ambalo mtu yeyote angelifanya nyumbani kwake. Alichukua ndoo ya maji.

Nilipogeuka alikuwa ameshaiinua. Nilimwita. Nilikuwa bado nina kofia ya kuchomelea usoni, sijui kama sauti ilitoka.

Tulimbeba kwa machela yetu wenyewe, haijapakwa hata rangi. Ameungua mikono yote miwili, shingo na uso. Madaktari wanasema tusubiri.

Yeye ndiye aliyekataa uambiwe. Alinishika shati kwa hiyo mikono yake akaniambia, "Mwandikie nina jeraha kiganjani." Maneno yale ni yake, siyo yangu. Na usije, Dada. Anakuomba. Anasema hataki pacha wamwone hivi.

Shikamoo.

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mama nimemweleza nusu, pacha sijawaeleza kitu. Kulia nimelia, bekari, nyuma ya magunia, nikarudi kukanda. Nina hasira nawe na nitakaa nayo kwa muda wangu. Usijaribu kunituliza.

Mambo mawili. La kwanza, umeandika mikono, shingo na uso. Macho je? Umeyaruka. La pili, unasema moto huo hautaki maji kana kwamba kila mtu anajua. Mimi nimelijua kwako. Yeye aliambiwa na nani?

Yaliyo hapa chini ni yake. Msomee kwa sauti na usiruke neno.

Baba Pacha, habari zako nimezipata kwa dereva wa unga. Mwanamume mzima, hata kunidanganya vizuri umeshindwa! Wanao wanabishana nani kati yao anafanana nawe, na aliyeshindwa anajifariji kwamba amechukua miguu yako. Umekataza nisije. Tangu lini umenikataza jambo nikatii? Sijafika kwa sababu sina wa kumwachia Mama na watoto, siyo kwa amri yako, hilo lieleweke. Uso wako sijui ukoje sasa. Vyovyote ulivyo ni wangu, niliuzoea na kukoroma kwake, nitauzoea tena. Kula hata kama chakula chao hakina ladha. Mkeo.

Umemaliza? Kunja karatasi umwekee chini ya mto.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilimsomea. Aliposikia pale pa amri akanyanyua kichwa.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akacheka, na kucheka kunamuuma kwa sababu ngozi inavuta. "Huyu mwanamke," akasema, "huyu mwanamke ana maneno." Karatasi iko chini ya mto.

Jicho la kushoto limekwenda, Dada. La kulia linaona mwanga, na mtu akisimama karibu analiona umbo lake. Wanadhani litaongezeka nguvu. Ndilo nililoliruka, kalamu ilikataa.

Ulilouliza la pili, jibu ni kwamba hakuambiwa na mtu. Wageni wote hufundishwa mambo ya moto siku ya kwanza, kabla ya kushika kifaa chochote. Kundi lao lilipoingia meneja aliyafuta mafunzo, akasema oda kwanza, mafunzo wiki ijayo. Kila wiki ikawa hivyo.

Sasa kuna watu wamekuja kutoka nje ya kiwanda kuchunguza, na mimi kama msimamizi wa wachomeleaji nitaitwa kwenye kikao. Meneja ameniita ofisini. Akafunga mlango, akanisogezea kiti kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tangu niajiriwe.

"Utaulizwa kama shemeji yako alifundishwa," akasema. "Sema alifundishwa, akasahau. Watu husahau."

"Na nikisema hakufundishwa?"

"Basi tutajiuliza kama bado tunahitaji msimamizi."

Nikisema alifundishwa, kosa linakuwa lake. Kiwanda kinajitoa kwenye gharama, hospitali wanamtoa na bandeji zake. Nikisema ukweli, mimi ndiye nitatoka. Nikamweleza Shemeji mwenyewe yote. Nilidhani atatukana.

"Sema nilifundishwa," akaniambia. "Mimi nimeshaharibika. Tukianguka wote wawili, wale kule watakula nini?" Akageukia ukutani, ikawa ndiyo mwisho wa maongezi.

Silali vizuri. Nikifumba macho naona kijivu tu. Wewe ndiye mkubwa, niambie nifanye nini.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Mama yupo yupo tu, watoto wazima.

Mwambie mume wangu nimesema hapana.

Najua ninachokuomba, na najua atakayekilipia ni wewe. Lakini siku moja pacha watauliza baba yao aliunguaje. Sitawaambia aliambiwa akapuuza. Siwezi kuwalea na uongo uliotungwa na mtu wa kukusogezea kiti. Ameshapoteza jicho. Wasimchukulie na akili zake, waseme alikuwa mjinga asiyesikia.

Tena kuna mwingine amekaa pale alipokuwa amekaa yeye, anasaga na grinda ile ile. Huyo naye kaambiwa? Au naye akiona moto atakimbilia ndoo?

Sema yaliyokuwa. Chakula tutahangaika nacho, hatutakuwa wa kwanza. Na kama umeshasema la meneja kabla barua hii haijafika, usiniandikie kunieleza sababu.

Dada yako

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesema.

Kilikuwa chumba kidogo, meza ndefu, watu watatu upande wa pili, mmoja wao mama wa makamo mwenye kikohozi. Meneja alikaa pembeni akitazama kucha zake. Yule mama akauliza moja kwa moja, "Huyu aliyeungua alifundishwa namna ya kuzima moto wa magnesiamu?" Nikasema hakufundishwa. Akauliza nina uhakika gani. Nikasema mafunzo yalifutwa mbele yangu, nikataja na aliyeyafuta.

Meneja akasema ni maneno ya shemeji kumtetea shemeji. Ilielekea kuishia hapo. Basi kuna fundi tunayemwita Kimya, anachomelea meza ya kushoto kwangu, miaka yote namsikia akisema "nipishe" na "ahsante" tu. Aliitwa baada yangu. Baadaye yule mama alituambia wote alichokisema. "Kundi lile lote halikufundishwa. Muulizeni yeyote, waulizeni mmoja mmoja." Wakawauliza mmoja mmoja.

Kiwanda kimeamriwa kiendelee kumtibu mpaka atoke kwa miguu yake, na kusaga kumesimamishwa hadi vumbi lote liondolewe na watu wafundishwe. Mimi nikaambiwa kazi zimepungua, nirudishe kofia na glovu. Hawakusema ni kwa sababu hiyo. Nilivirudisha. Njiani kwenda langoni hakuna aliyeniaga kwa sauti, ila mashine zote za kuchomelea zilizimwa mpaka nilipotoka.

Nakuja nyumbani. Nitakaa na Mama na watoto, wewe njoo ukae na mumeo. Ufunguo wa chumba nimemwachia mama mwenye nyumba.

Mdogo wako

25 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Chumba chenu nimekiosha kwa sabuni, nisikufiche, mlikuwa mnaishi kama mabaharia. Kitanda chake nilikikuta kimetandikwa, nikajua ni wewe.

Nikuandikie lililotokea, maana sina mwingine wa kumwambia. Siku ya kwanza muuguzi alinielekeza wodi akaniacha mlangoni. Nikaingia natazama kitanda kimoja kimoja. Nikafika mwisho wa chumba sijamwona mume wangu. Nikageuka kumfuata muuguzi.

"Umenipita, Mama Pacha," akasema mtu.

Alikuwa amekaa kitandani, karibu kabisa na mlango. Nilikuwa nimemtazama usoni, mdogo wangu. Nilimtazama nikaenda zangu. Nikamwambia nilikuwa natafuta kiti. Akasema, "Viti viko kule kwenye dirisha, chukua kilicho kizima." Akaniacha na uongo wangu, hakunisumbua nao. Nilikileta kiti nikakaa. Baadaye akaniambia nimekonda. Nikamwambia yeye ndiye wa mwisho kusema mambo ya sura. Akacheka akashika shavu kwa maumivu, nami nikacheka huku machozi yananishuka puani.

Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana. Wanamfanyisha mazoezi kwa mpira, anautukana mpira. Randa hatashika tena, hilo wameshamwambia na anajifanya hakusikia. Jicho limeongezeka nguvu kidogo. Kimya huja siku za mapumziko, anakaa, anasema "nipishe," anaondoka. Anasema kila meza sasa ina ndoo ya mchanga.

Mwezi ujao wanamruhusu. Pacha lazima waambiwe kabla hatujafika, na mimi nikiwaandikia nitapamba. Waambie wewe. Waambie kama ulivyosema kwenye kikao.

Na hilo la mlangoni libaki kwetu.

Dada yako

9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Kwanza ugomvi, maana siku ya kupokezana uliondoka nami hata mzigo sijautua. Miezi yote unaniandikia Mama "yupo yupo," kumbe hatoki kitandani tangu aliposikia habari ile, na wewe unambeba peke yako, kisha unaniambia mimi ndiye mwenye kuficha! Nimekutafutia maneno makali nikayakosa. Namgeuza asubuhi na jioni kama nilivyoona wauguzi wakimgeuza Shemeji. Ananilalamikia mikono yangu migumu. Nimepata vibarua vya kuchomelea mageti hapa mtaani, chuma cha kawaida. Wewe leta mgonjwa wako, huku tutajibana.

Pacha nimewaambia. Niliwakalisha kwenye ngazi ya mlango wa nyuma baada ya shule, wakiwa na sare zao. Nikawaambia baba yenu aliungua kazini, alichukua maji kuzima moto usiotaka maji, na waliopaswa kumwambia hawakumwambia. Nikawaambia uso wake umebadilika, una makovu na jicho moja, na mikono haitaweza kuwarusha juu kama zamani.

Mmoja akauliza kama bado anaungua. Nikasema hapana, alishapoa. Akauliza kama kuna dawa ya kumrudishia uso. Nikasema hakuna.

Mwenzake alikuwa anachora vumbi kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza, "Sisi tutamjua?"

Nilikukumbuka wewe, mlangoni pa wodi. Ningeweza kumwambia ndiyo, nikamaliza. Nikamwambia ukweli, kwamba huenda wasimjue mara moja.

Akasema, "Basi yeye ndiye atuite."

Mwambie.

Mdogo wako